Leseni ya bunduki ikikataliwa au kufutwa: namna ya kupinga uamuzi wa polisi Uganda

Barua aliyoletewa baba mdogo ilikuwa na mistari minne. Leseni yake ya shotigani imefutwa "kwa sababu za usalama", bunduki na risasi zipelekwe kituoni, asante kwa ushirikiano, sahihi. Mzee anafuga ng'ombe nje kidogo ya Bweyale, na bunduki ile alikuwa nayo kwa leseni miaka 11 bila kuitwa polisi hata mara moja. Tarehe iliyokuwa juu ya barua ilitangulia siku 23 kabla ya siku aliyoipokea. Ilikuwa imelala kwenye droo ya mtu.

Alifanya wanachofanya wazee wetu wengi. Akavaa koti, akaenda kituoni, akazungumza kwa adabu. Afande wa kaunta naye akamjibu kwa adabu: "Mzee, rudi wiki ijayo, tutaongea na wakubwa." Akarudi wiki hiyo, na iliyofuata, na nyingine. Miezi 4 ikakatika hivyo. Siku tulipomfikisha kwa wakili, swali la kwanza likawa: "Mlipeleka barua gani, na nani aliigonga muhuri?" Hatukuwa na karatasi hata moja. Muda wa kwenda mahakamani ulikuwa umeshapita, na mpaka leo hakuna jaji aliyewahi kuuliza hizo sababu za usalama zilikuwa zipi.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu mwenye barua kama ile mkononi sasa hivi. Mengi yaliyoandikwa kwa Kiswahili kuhusu bunduki yanatoka Kenya, ambako kuna bodi maalumu ya leseni za silaha, au Tanzania, yenye sheria yake ya 2015. Ukisoma mahali kwamba una siku 21 za kukata rufaa Crown Court, hiyo ni sheria ya Uingereza. Hapa kwetu njia ni nyingine.

Kwanza, usibaki na bunduki

Najua inauma. Unaona ukiikabidhi umekubali kosa. Hujakubali chochote. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Silaha ya 1970, ambayo mawakili huiita Firearms Act, kinakataza mtu kuwa na bunduki au risasi bila cheti halali. Siku leseni inapofutwa au kuisha, bunduki iliyokuwa mali yako jana inaweza kukupeleka gerezani leo. Na ukishashtakiwa kwa jinai, hoja zako zote za leseni zinawekwa pembeni kwanza.

Kuna hatari nyingine ambayo kwetu haipaswi kupuuzwa. Kwa miaka mingi raia waliokutwa na silaha wamekuwa wakifikishwa mahakama ya kijeshi. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Michael Kabaziguruka, iliamua kwamba kuwashtaki raia huko kunakiuka Katiba. Miezi michache baadaye Bunge likabadilisha sheria ya jeshi, na mlango huo ukafunguliwa tena kwa mazingira maalumu, yakiwemo mambo ya silaha. Kwa hiyo usiifiche kwa shemeji, usiizike shambani, usimpe mlinzi wako aishike "kwa muda".

Namna ya kuikabidhi ni hii. Usiipakie kwenye boda na kuanza safari. Mpigie simu OC, yaani mkuu wa kituo, mwambie umepokea barua na uko tayari kukabidhi, na umwombe atume askari au akupe saa ya kufika. Kabla hawajaja, itoe risasi na uipige picha: bunduki nzima, nambari iliyochongwa kwenye chuma, na mikwaruzo iliyopo. Mwite mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, awe shahidi.

Kisha dai hati ya kupokelewa, na usitoke kituoni bila hiyo. Iandikwe aina ya bunduki, nambari yake, idadi ya risasi kwa tarakimu na kwa maneno, hali yake, tarehe na saa, jina, cheo na nambari ya askari aliyepokea. Omba pia nambari ya SD, yaani kumbukumbu ya tukio kwenye daftari la kituo. Ukiambiwa kitabu cha hati kimeisha, andika mwenyewe kwenye karatasi ya kawaida na umwombe afande asaini na kugonga muhuri. Hati hii ndiyo itakayokurudishia bunduki yako siku ukishinda. Bila hiyo utashinda uamuzi na kukosa bunduki.

Jua umefanyiwa nini hasa

Watu husema "wamenyang'anya bunduki yangu" kwa mambo ambayo kisheria ni tofauti, na kila moja lina njia yake.

Kama uliomba leseni kwa mara ya kwanza ukakataliwa, au uliomba kuihuisha ikakataliwa, au ulikuwa nayo ikafutwa, mwongozo huu ni wako. Kati ya hizo, aliyefutiwa ana hoja yenye nguvu zaidi, kwa kuwa amenyang'anywa kitu alichokuwa nacho na alistahili kusikilizwa kwanza. Mwombaji mpya ana mlima mrefu. Katiba yetu haimpi raia haki ya kumiliki bunduki. Inampa haki ya kutendewa kwa haki anapoomba.

Kama umeomba na hujajibiwa kabisa, mwaka umepita na faili liko "kwa wakubwa", huo nao ni uamuzi unaoweza kupingwa. Nitaufikia.

Kama bunduki imechukuliwa kama kielelezo kwenye kesi, labda ulifyatua hewani kwenye harusi au mlinzi wako alimjeruhi mtu, usipoteze nguvu kuandika barua za leseni. Itabaki pale mpaka kesi iishe au mahakama inayosikiliza kesi hiyo iamue vingine. Shughulika na kesi. Ukiitwa CID, idara ya upelelezi, kuandika maelezo, nenda na wakili.

Na kama wewe ni mlinzi wa kampuni, bunduki ile ni ya kampuni. Rufaa ni ya mwajiri wako.

Chora kalenda siku hiyo hiyo

Hapa ndipo sisi tulipoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia ya mahakama kwa uamuzi wa namna hii ni mapitio ya mahakama, yanayofanywa na Mahakama Kuu. Kanuni zake ni za 2009, zikarekebishwa 2019. Kanuni ya 5 inataka uende haraka, na kwa vyovyote ndani ya miezi 3 tangu sababu ya malalamiko ilipotokea. Jaji anaweza kuongeza muda ukiwa na sababu nzuri, lakini "afande aliniambia nirudi wiki ijayo" ni sababu dhaifu sana isipokuwa una maandishi.

Upande wa pili, marekebisho ya 2019 yalileta kanuni ya 7A. Hiyo inamtaka jaji ajiridhishe kwamba ulitumia kwanza njia zilizopo ndani ya taasisi yenyewe au zilizowekwa na sheria. Ukikimbilia mahakamani bila kuwaandikia wakubwa wa polisi, wakili wa serikali atasimama na kusema umekuja mapema, na kesi inaweza kutupwa siku ya kwanza.

Umeona mtego? Sheria inakutaka uandike barua kwanza, na wakati unasubiri majibu, miezi 3 inaendelea kukatika. Barua haisimamishi saa.

Mimi ningefanya hivi. Hesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa juu ya barua ya polisi, hata kama ilikufikia baadaye, maana hujui jaji atachagua ipi. Tuseme barua ni ya tarehe 2 Machi. Miezi 3 inaishia mwanzoni mwa Juni. Barua yako ya kupinga iwe imegongwa muhuri kabla ya tarehe 16 Machi. Ndani yake wape siku 21 za kujibu. Zikipita kimya, andika kumbusho moja, fupi, la siku 7. Kufikia katikati ya Aprili uwe umekaa na wakili, na kufikia katikati ya Mei kesi iwe imesajiliwa, na wiki mbili zibaki kwa ajili ya mtandao kukatika, kiapo kukosewa au wakili kuugua.

Barua ikikufikia kwa kuchelewa, andika nyuma yake tarehe na saa uliyoipokea na jina la aliyekuletea. Andika yeye akiona, na umwombe asaini. Piga picha hata bahasha. Kama kituoni kuna daftari la barua zinazotoka, sahihi yako mle ndani iwe na tarehe ya kweli. Askari akikuambia "weka tu sahihi, tarehe nitajaza", ijaze mwenyewe.

Omba sababu

Barua ya "sababu za usalama" haikuambii kitu. Huwezi kujibu usichokijua. Kwa hiyo barua yako ya kwanza, au sehemu ya kwanza ya barua ya kupinga, iombe sababu kamili: ni tukio gani, la lini, nani alilalamika, na kifungu gani cha sheria kimetumika.

Mgongo wako hapa ni Ibara ya 42 ya Katiba ya 1995. Inasema mtu yeyote anayefika mbele ya afisa au chombo cha utawala ana haki ya kutendewa kwa haki, na ana haki ya kwenda mahakamani kuhusu uamuzi wowote wa kiutawala uliotolewa dhidi yake. Iandike hiyo ibara kwenye barua. Ibara ya 28 inazungumzia kusikilizwa kwa haki, na Ibara ya 44 inaweka haki hiyo miongoni mwa zile zisizoondolewa kamwe.

Raia pia anaweza kuomba nyaraka kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, ambayo inampa afisa siku 21 kuamua. Wanaweza kukataa kwa hoja ya usalama wa taifa. Hata hivyo omba. Kukataa kwao kwa maandishi ni karatasi nyingine kwenye faili lako. Sharti moja: usikae unasubiri nyaraka hizo huku kalenda inakwisha.

Jambo dogo la kuangalia: marekebisho ya sheria zetu zote yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024 yalibadilisha nambari za sura. Barua za zamani huitaja Sheria ya Silaha kama Sura ya 299. Usinakili nambari kutoka barua ya jirani. Mwombe wakili akupe ya sasa. Na afungue sheria yenyewe pamoja na kanuni zake aone mpangilio wa rufaa unaohusu uamuzi wako, ili kanuni ya 7A isije ikakuvizia.

Barua yenyewe

Ielekeze kwa Inspekta Jenerali wa Polisi (IGP), makao makuu Naguru, kupitia kwa DPC, kamanda wa polisi wa wilaya yako. Nakala impelekee RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, na nyingine Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye polisi iko chini ya wizara yake. IGP akikataa au akinyamaza, barua ya pili iende kwa waziri moja kwa moja. Barua rasmi huandikwa Kiingereza, lakini ifikirie kwanza kwa Kiswahili mpaka inyooke, halafu mtu anayeijua lugha akutafsirie. Hii ni mifupa yake:

*Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, Naguru, Kampala.*
*Kupitia kwa Kamanda wa Polisi wa Wilaya.*

*YAHUSU: OMBI LA KUPITIA UPYA UAMUZI WA KUFUTA LESENI YANGU*

*Mheshimiwa,*

*Mimi ni mkazi wa kijiji cha ..., mfugaji, mwenye kitambulisho cha taifa nambari ... Nimekuwa na leseni nambari ... tangu mwaka ..., kwa bunduki aina ya ..., nambari ...*

*Tarehe ... nilipokea barua yenu ya tarehe ... inayofuta leseni hiyo kwa sababu za usalama. Tarehe ... nilikabidhi bunduki na risasi ... katika kituo cha ..., nambari ya SD ..., hati imeambatanishwa.*

*Sikuitwa kujieleza kabla ya uamuzi huo, na barua haikutaja tukio lolote. Kwa mujibu wa Ibara ya 42 ya Katiba, naomba: (1) nipewe sababu kamili kwa maandishi, (2) niitwe nijieleze, (3) uamuzi upitiwe upya, (4) bunduki yangu itunzwe, isigawiwe wala kuharibiwa, hadi jambo hili liishe.*

*Naomba jibu ndani ya siku 21.*

Hapo chini orodhesha viambatisho, weka sahihi, jina, simu.

Angalia ilivyo fupi. Nimeona watu wakiandika kurasa 6 wakianza na babu yao aliyepigana vita. Nimeona pia barua zinazomtukana DPC. Afisa atakayeisoma Naguru hamjui DPC wako wala babu yako. Anatafuta tarehe, nambari na sababu ya kufungua faili tena.

Ombi la nne usilisahau. Ni rahisi kuzuia bunduki isiondolewe kuliko kuitafuta baadaye.

Mbali na zile za RPC na waziri, chapa nakala 3. Mbili zinabaki ofisini, moja inarudi nawe ikiwa na muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Simama pale kaunta mpaka muhuri ugongwe. Karani akisema mwenye muhuri ametoka kwenda kula, kaa kwenye benchi umsubiri.

Jibu hofu yao

Maafisa wa leseni hawawi wagumu bila sababu. Machi 2017 Andrew Felix Kaweesi, afisa mkubwa wa polisi, aliuawa kwa risasi Kampala. Tarehe 8 Juni 2018 akauawa mbunge wa Manispaa ya Arua, Ibrahim Abiriga, na siku chache baadaye Rais alisimama bungeni akaagiza, pamoja na mengine, kila bunduki ichukuliwe alama zake za utambuzi. Mei 2023 waziri Charles Engola aliuawa nyumbani kwake na mlinzi wake mwenyewe. Anayesaini leseni yako anajua bunduki ikiua, jina lake litatafutwa kwenye faili.

Kwa hiyo kusema "nina haki" hakutoshi. Muondolee wasiwasi kwa karatasi. Unakumbuka ngazi ulizopanda wakati wa kuomba: LC1, GISO (afisa usalama wa gombolola), DISO (afisa usalama wa wilaya), DPC, RPC. Zipande tena, sasa ukiomba barua mpya za mapendekezo zenye tarehe za mwaka huu. Barua ya LC1 isiwe ile ya "namfahamu ni mtu mwema". Iseme anaishi hapa tangu lini, hajawahi kuletwa mbele ya baraza kwa ugomvi, bunduki haijawahi kuonekana kilabuni.

Kama tatizo ni utunzaji, nunua kasha la chuma, likomelee ukutani, lipige picha. Kama mtu alisema una maradhi ya akili, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa upimwe, upate ripoti yenye muhuri. Kama kulikuwa na ugomvi wa nyumbani ulioripotiwa, hapo nitasema wazi: polisi wana haki kabisa ya kuiondoa bunduki katika nyumba hiyo, na kama mke au watoto wanaogopa, usiirudishe. Lakini kama taarifa ilikuwa ya uongo, labda ugomvi wa shamba na jirani, leta hukumu ya baraza au barua ya kufungwa kwa jalada.

Na usitoe kitu kidogo. Malipo halali ya serikali yanapitia benki kwa PRN, nambari ya malipo ya mamlaka ya mapato (URA), na unabaki na risiti. Ukishampa mtu pesa mkononi, umemtia mkononi mwake pia uwezo wa kukunyamazisha.

Mahakama Kuu

Siku zimepita, hujajibiwa, au umejibiwa tena mistari minne. Tafuta wakili, na kabla ya kulipa hakikisha ana leseni ya uwakili ya mwaka huu. Hutolewa upya kila mwaka. Muulize pia amewahi kufanya mapitio ya mahakama mara ngapi. Wakili mzuri wa ardhi anaweza kuwa mgeni hapa.

Si lazima uende Kampala. Mahakama Kuu ina vituo Arua, Gulu, Lira, Masindi, Soroti, Mbale, Jinja, Masaka, Mbarara, Fort Portal na kwingine. Anayeshtakiwa, kwa Ibara ya 250 ya Katiba, ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Watu hukosea wakamshtaki OC wa kituo kwa jina, au "Polisi ya Uganda", na kesi ikaanza kuchechemea mlangoni.

Maombi huwasilishwa kwa hati ya maombi pamoja na hati yako ya kiapo. Kiapo ndicho ushahidi wako. Humo zinaingia barua zote zilizogongwa muhuri, hati ya kukabidhi bunduki, leseni za miaka iliyopita na risiti zake. Mara nyingi jaji anaamua kwa kusoma tu, bila kukuita kizimbani, kwa hiyo kisichokuwa kwenye kiapo hakipo.

Jaji hatakaa mahali pa polisi kuamua kama wewe unafaa kushika bunduki. Watu wengi hawalielewi hili na hutoka mahakamani wamekasirika. Anachoangalia ni jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Mahakama zetu hutumia hoja tatu, na wakili wako huenda akakutajia kesi ya Pastoli dhidi ya wilaya ya Kabale: je, aliyeamua alivuka mamlaka yake au kukosea sheria? Je, utaratibu wa haki ulifuatwa, yaani uliarifiwa na ukasikilizwa? Je, uamuzi ni wa ajabu kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angeufikia?

Ya pili ndiyo silaha ya mtu aliyefutiwa leseni bila kuitwa. Ya tatu ni ngumu sana kwenye mambo ya usalama. Majaji wanasita kuingilia. Ningeweka nguvu zote kwenye ya pili, na kwenye ya kwanza kama barua ilisainiwa na mtu asiye na mamlaka hayo.

Ukishinda, jaji anaweza kufuta uamuzi, na hiyo huitwa certiorari. Anaweza kuwaamuru polisi watimize wajibu wao, mandamus, ambayo ndiyo dawa ya yule aliyekaa mwaka mzima bila jibu. Anaweza pia kuwazuia wasifanye jambo fulani. Lakini kufutwa kwa uamuzi hakukupi leseni. Mara nyingi faili linarudi kwa polisi waamue upya, safari hii wakiwa wamekusikiliza, na wanaweza kukataa tena kwa sababu zinazoeleweka. Ukishindwa, unaweza kubebeshwa gharama za upande wa pili. Wakili akikuhakikishia kwamba utatoka na bunduki begani, tafuta mwingine. Na usiporidhika na hukumu, taarifa ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ina siku 14 tu.

Sisi tunaosoma Kiswahili na kuapa kwa Kiingereza

Jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja, na nimeona likiharibu viapo. Kiapo cha mahakama kitaandikwa Kiingereza. Kama wewe unasoma Kiswahili vizuri lakini Kiingereza hukielewi, Sheria ya Kuwalinda Wasiojua Kusoma inakuhesabu kuwa hujui kusoma kwa karatasi hiyo, maana inaangalia lugha ya hati yenyewe. Usione aibu, maana kulifuata sharti hilo ndiko kunakokulinda.

Kiapo lazima kionyeshe kwamba ulisomewa na kutafsiriwa, ukaelewa, ndipo ukasaini, na jina kamili na anwani ya aliyekiandika viwepo. Mwambie wakili mapema, na umwombe mkalimani asome kila aya polepole. Mzee mmoja niliyemsindikiza kwa kamishna wa viapo alisimamisha kazi kwenye aya ya saba: karani alikuwa ameandika bunduki mbili, naye alikuwa na moja. Fikiria kama angesaini tu.

Milango mingine

Kama tatizo lako ni askari fulani, aliyeomba hongo, aliyekupiga au aliyekataa kukupa hati, kuna kitengo cha polisi cha kusimamia maadili, PSU, na kwa hongo kuna ofisi ya IGG, mkaguzi mkuu wa serikali. Ukiwekwa ndani zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mahakamani, au ukiteswa, nenda Tume ya Haki za Binadamu. Ina ofisi mikoani, zikiwemo Arua, Gulu, Hoima na Moroto. Hizi hazirudishi leseni. Zifuate sambamba na rufaa.

Muda ukiwa umepita, na bunduki ikirudi

Miezi 3 ikikupita kama ilivyotupita sisi, bado unaweza kuomba leseni upya tangu mwanzo, ukiwa na karatasi mpya ambazo hazikuwepo wakati wa uamuzi wa kwanza. Ombi jipya likikataliwa, huo ni uamuzi mpya, na kalenda yake inaanza siku hiyo. Usiandike barua ileile ukabadilisha tarehe. Mahakama itaona unafufua jambo lililokufa.

Siku ya kuchukua bunduki nenda na ile hati ya kukabidhi, leseni iliyo hai na picha ulizopiga. Linganisha nambari kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kusaini popote. Hesabu risasi. Kama bomba lina kutu au kitako kimepasuka, iandikwe kwenye daftari la kituo hapo hapo. Na uangalie tarehe ya mwisho ya leseni: inahuishwa kila mwaka, na kesi ndefu inaweza kukurudishia leseni iliyobakiza wiki chache.

Baba mdogo alianza upya Januari. Kasha la chuma limekomelewa chumbani kwake, barua za LC1 na GISO ziko tayari, na wiki iliyopita alinipigia simu akiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya DISO. Karani alikuwa amemwambia aache tu karatasi aende nyumbani. Alikuwa anasubiri muhuri.